Hirizi ya Milimita Tisa

Katika vikao vya wasomi wetu siku hizi, siasa ikishapoa na mpira ukishakwisha, huibuka mjadala ambao zamani ulikuwa wa askari peke yao: raia anayetaka kujilinda anunue bastola ya risasi gani, ya milimita tisa au ile kubwa ya arobaini na tano? Nimeusikia chuoni, kwenye chumba cha wahadhiri. Nimeusikia ndani ya basi kati ya Tunduma na Sumbawanga, vijana wawili wakibishana kwa hoja za video walizotazama kwenye simu. Mwaka jana niliusikia nyumbani kwetu Kaengesa, kutoka kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ambaye silaha nilizozoea kumwona nazo mkononi ni chaki na jembe.

Swali lake nililichukua kwa uzito, na leo nalileta hapa kwa uzito uleule, kwa sababu naamini lina majibu mawili. La kwanza ni la fizikia na historia, nalo ni jepesi kuliko wabishi wanavyodhani. La pili ni la siasa, yaani la namna tunavyoishi pamoja na namna tunavyotawaliwa, nalo ndilo gumu.

Nieleze kwanza chanzo cha swali lenyewe. Baada ya kustaafu, mjomba alinunua ekari chache za shamba la mahindi na maharage, zikipakana na ardhi ya ukoo. Mpaka ukaleta ugomvi kati yake na watoto wa ndugu zake. Ugomvi ulikuwa haujapoa, mtoto mchanga wa mmoja wao akafariki kwa homa. Mtu yeyote aliyekulia Ufipa anajua kinachofuata: mnong'ono. Nani alimtazama mtoto siku ile? Nani ana kinyongo na baba yake? Mahindi ya nani yamestawi mwaka ambao ya wengine yamedumaa? Wiki chache baadaye mjomba alikuta karatasi chini ya mlango, imeandikwa maneno manne: "Mzee, zamu yako inakuja."

Nilipofika kumsalimu, baada ya shikamoo na habari za safari, aliniketisha barazani akasema: "Mpwa wangu, wewe umepita JKT, na umesoma. Mafao yangu yametoka. Nikiomba kibali cha bastola, nichukue ya tisa au ya arobaini na tano?"

Nianze na jibu jepesi. Kipenyo cha risasi, ambacho wapenzi wa silaha hukiita kaliba, ni upana wa risasi inayopita ndani ya mtutu. Kwetu sisi kipimo hiki ni kitu kigeni. Babu yangu alikuwa na gobore, kama wazee wengi wa enzi zake, la kufukuzia nguruwe na nyani shambani. Gobore halina kaliba. Hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kisha kitambaa, kisha chochote kigumu kilichopatikana: golori, vipande vya nondo, hata kokoto. Kulijaza kulimchukua babu muda wa kutosha nguruwe wote kurudi porini, na siku za mvua hakulitegemea kabisa. Hata uwepo wa magobore hayo katika nchi yetu una historia ya kisiasa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa makubwa yaliutia saini kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha upenyo kwa bunduki za kizamani za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Wahunzi wetu, ambao mababu zao waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizotapakaa Ufipa, hawakukosa ujuzi wa chuma. Walichokosa ni kiwanda, na kaliba ni mali ya kiwanda: ganda, fataki, baruti na risasi vimepimwa kwa usahihi, ili kile kilichotengenezwa Ubelgiji kiingie bila shida katika silaha iliyotengenezwa China.

Risasi ya milimita tisa inayozungumzwa vikaoni ilibuniwa Ujerumani na Georg Luger mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Ile ya 45, ambayo Wamarekani huihesabu kwa inchi na ambayo kwa milimita ni zaidi kidogo ya 11, ilibuniwa na John Browning miaka ileile, na bastola yake ikapokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Kuna ya 38 ya rivolva, bastola ile ya silinda inayozunguka, iliyotoka kwa Smith & Wesson mwaka 1898. Majina haya yana ujanja wake: hiyo inayoitwa 38 kwa kweli ina kipenyo cha inchi 0.357, yaani milimita tisa na nukta kidogo, kwa hiyo wanaobishana kati ya 38 na tisa wanabishana kuhusu upana uleule. Na kuna zile ndogo, ya milimita 7.65 na ya "tisa fupi". Asije mtu akazidharau. Tisa fupi ndiyo iliyomuua mwanamfalme Franz Ferdinand kule Sarajevo mwaka 1914, na dunia nzima ikaingia vitani, ikiwa ni pamoja na babu zetu waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya Mjerumani na Mwingereza.

Sasa tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Risasi ya kawaida ya milimita tisa ina uzito wa gramu 7.5 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde. Ya 45 ina uzito wa gramu 15 hivi, mara mbili yake, lakini huenda mita 255 hivi kwa sekunde. Chukua nusu ya uzito, zidisha kwa kasi mara kasi: zote mbili zinatoa takriban jouli 480. Moja ni nyepesi na ina mbio, nyingine ni nzito na ina mwendo wa pole, na nguvu zinazobeba zinakaribiana sana. Ukitaka kuona tofauti ya kweli, zilinganishe na risasi ya bunduki ya kivita ambayo sisi Tanzania tumezoea kuiita SMG: hiyo hukaribia jouli 2,000, mara nne ya bastola zote mbili. Kwa fizikia tupu, mjadala wa tisa na arobaini na tano ni mjadala wa ndugu wawili wa tumbo moja.

Wamarekani wenyewe, ambao ndio waliotuuzia mjadala huu, wameuzunguka mpaka wakarudi walipoanzia. Aprili 11, 1986, jijini Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Jambazi mmoja alipigwa mapema risasi ya milimita tisa iliyopita mkononi na kuingia kifuani, ikakomea karibu na moyo, naye akaendelea kupigana. Lawama ikaangukia risasi. FBI ikahamia risasi ya milimita kumi, kisha ikahamia ya 40, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Baada ya takriban robo karne ya majaribio ndani ya jelatini, wakitaka risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 45, waliamua kurudi kwenye milimita tisa. Sababu zao hazikuwa za kishujaa. Risasi zimeboreshwa, ya tisa hurudisha nyuma mkono kwa nguvu ndogo zaidi, magazini yake hubeba nyingi zaidi, na askari wengi hulenga vizuri zaidi wakiitumia.

Hilo la kulenga ndilo kiini. Bastola ina mtutu mfupi na haina kitako cha kuegemeza begani. Nilipokuwa JKT, kabla utaratibu ule wa lazima haujasitishwa mwaka 1994, tulifundishwa shabaha kwa bunduki ndefu, tumelala chini, mchana, mkufunzi yupo nyuma yetu, na shabaha haisogei wala haina panga. Hata hivyo wengi wetu tulitoboa udongo. Sasa mweke mzee wa miaka 66 aliyekurupuka usingizini saa nane usiku, bila miwani, umeme umekatika, moyo unamwenda mbio. Mpe bastola yoyote. Kati ya kupiga na kukosa, milimita mbili za kipenyo hazina kauli.

Kwa hiyo nilimjibu mjomba kama alivyouliza. Nilimwambia: kama sheria itakuruhusu na kama umekwisha amua, chukua ya milimita tisa, kwa sababu risasi zake ndizo zilizoenea zaidi duniani na mkono wako utaihimili, au rivolva ya 38, ambayo haina mambo mengi ya kukumbuka gizani. Achana na ya 45. Lakini tofauti kati ya mtu anayefanya mazoezi na asiyefanya ni kubwa kuliko tofauti kati ya bastola yoyote na nyingine, na Kaengesa hakuna uwanja wa shabaha wa raia. Risasi nazo hununuliwa kwa kibali, haziuzwi gengeni kama betri za tochi. Na risasi inayokosa mtu haipotei hewani: hupenya mlango wa mbao, hupenya bati, na nyuma ya mlango wako wanalala wajukuu zako.

Hapo ndipo jibu la kwanza linapokoma. Kama tungekuwa tunazungumzia zana tu, kama pampu au mashine ya kukoboa, ningeishia hapo. Lakini nilipomtazama mjomba niligundua kwamba hakuwa akiuliza habari za zana. Alikuwa akitafuta kitu cha kuweka chini ya mto kitakachomwezesha kufumba macho. Kitu hicho kwa Kiswahili kina jina, na jina lake ni hirizi.

Sisemi hivyo kwa dharau. Imani kwamba kipo kipimo maalumu cha risasi kinachomwangusha adui papo hapo ilizaliwa katika vita vya kikoloni. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakiwatiisha Wamoro wa kusini mwa Ufilipino walilalamika kwamba watu wale walipigwa risasi za bastola na bado wakaendelea kuja na visu vyao. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, wakapelekwa kwenye machinjio ya Chicago kupiga risasi ng'ombe hai na maiti za watu, kisha wakashauri kwamba bastola ya jeshi isipungue kipenyo cha 45. Mwaka uliofuata, 1905, huku kwetu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani ziwe maji. Mkoloni alitafuta risasi isiyoshindwa na mwili. Mtawaliwa alitafuta mwili usioshindwa na risasi. Wote wawili waliweka tumaini katika kitu kidogo cha kubeba ili wasilitazame tatizo kubwa lililokuwa mbele yao: kwamba watu wale hawakutaka kutawaliwa. Tofauti ni kwamba maji ya Kinjikitile angalau yaliunganisha makabila mengi. Bastola humtenga mtu na jirani yake.

Tuangalie basi tatizo kubwa lililo mbele ya mzee wa Ufipa. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, katika miaka ya 2010 zilihesabu mamia ya watu, wengi wao wazee na hasa wanawake, waliouawa mwaka hadi mwaka nchini kwa tuhuma za uchawi. Tunajua mauaji haya yanavyotendeka. Silaha ni panga au rungu. Saa ni usiku. Na mara nyingi nyuma yake yupo mtu anayemfahamu marehemu: mtoto, mpwa, jirani wa mpakani, akiwa ameambiwa jina na mpiga ramli au akitaka shamba tu. Kwetu jambo hili lina historia iliyoandikwa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, aliwaeleza wasomaji wa dunia habari za kamchape, vikundi vya vijana waliokuwa wakizunguka vijijini kuwafichua na "kuwasafisha" wachawi. Leo jina linalosikika zaidi ni lambalamba, lakini mwenendo ni uleule: kijiji kinachangishwa fedha, uwanja unajaa, wazee wanaitwa mmoja mmoja, na anayenyoshewa kidole hurudi nyumbani akiwa si mtu yuleyule. Wapo wanaosema hata jina la Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Tumeishi na jina hilo bila kujiuliza kwamba mara nyingi kinachotupwa huwa ni bibi ya mtu.

Katika mazingira hayo bastola ifanye nini? Kwanza, anayeshambulia ndiye anayechagua saa. Agosti 25, 2021, jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja mwenye bastola aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, akachukua bunduki za askari kabla naye hajauawa. Waliokufa walikuwa na silaha kubwa kuliko yake, na mafunzo, na mchana kweupe. Walichokosa ni ile sekunde ya kwanza. Pili, sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kifungu cha 18B kinamruhusu kutumia nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na anayeua kwa kuzidisha nguvu ana hatia ya kuua bila kukusudia. Gizani ni nani atakayepima? Tatu, na hili ndilo lililomnyamazisha mjomba: huyo atakayekuja mlangoni pengine ni mtoto uliyemfundisha kusoma. Ukimpiga ukampata, umemuua mtoto wa ukoo wako, na kuanzia asubuhi hakuna mtu Kaengesa nzima atakayebaki na shaka kuhusu mnong'ono. Mzee anayetajwa kuwa mchawi, sasa ana na bastola!

Lakini lazima niwe mkweli kuhusu jibu alilonipa baada ya kunyamaza. Alisema: "Mpwa wangu, unazungumza kama mtu anayelala chuoni penye mlinzi getini. Mimi nikipiga simu usiku huu, gari litoke mjini, likiwepo, likiwa na mafuta. Likifika nitakuwa nimeshaoshwa na kuvikwa sanda. Usininyang'anye hirizi kama huna dawa."

Hoja hiyo haina jibu la mkato, na wanaharakati wanaoniandikia kila mara huniongezea nyingine nzito zaidi. Hunikumbusha Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, akiwa Mbunge, alipomiminiwa risasi mchana katika makazi ya wabunge mjini Dodoma, na miaka ikapita bila mtu kuhukumiwa. Huniuliza: raia wa nchi kama hiyo anaambiwaje akabidhi usalama wake kwa dola? Nawajibu kwa kuuliza: siku ile ni bastola ipi, ya kipenyo gani, ingemfaa Lissu dhidi ya bunduki za kivita? Mfano huo unathibitisha uzito wa woga wetu, lakini hauthibitishi dawa inayopendekezwa. Pale dola inaposhindwa au kukataa kumlinda mtu, bastola ya mfukoni haizibi pengo hilo. Inatupa kitu cha kushika tu wakati tunalitazama.

Tena yupo mtu ambaye mjadala huu haumtaji kamwe. Ni mjane wa miaka 70 anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Huyo ndiye aliye hatarini kuliko mjomba wangu, na huyo hatanunua bastola ya kipenyo chochote. Hana mafao. Hajui kuandika barua ya maombi. Usalama unaonunuliwa dukani huwafikia wenye fedha, na wakishaupata hupoteza ile hamu ya kuudai kwa ajili ya wote. Mstaafu mwenye bastola hatasimama tena kwenye mkutano wa kijiji kupinga lambalamba wasikaribishwe. Atafunga mlango wake mapema. Hiyo ndiyo gharama ya kisiasa ya hirizi, na haipimwi kwa jouli.

Tulifanya nini basi kuhusu ile karatasi? Mambo madogo, na yote ya hadharani. Karatasi ilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa mkaguzi wa polisi wa kata, ikasajiliwa, maana mwandishi wa vitisho hupenda giza. Mgogoro wa mpaka ulipelekwa baraza la kata kwa usuluhishi, mawe yakasimikwa mbele ya mashahidi wa pande zote. Katekista, ambaye pande zote mbili zinamheshimu, aliwaita wazazi wa marehemu mtoto na mganga wa zahanati, ili mtaalamu aeleze mtoto aliugua nini. Kikao kile kilikuwa kirefu na chenye machozi, na ndicho naamini kilifanya kazi kubwa kuliko vyote. Majirani watatu wakabadilishana namba za simu na makubaliano ya filimbi. Mjomba akafunga taa ya sola uani na kupata mbwa wawili. Mnong'ono haukuisha, hupungua na kurudi kama baridi ya Juni. Fomu ya maombi bado ipo ndani ya Biblia yake, haijajazwa wala haijachanwa. Hiyo ni haki yake, nami siipingi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kuomba, na kuomba si dhambi.

Kutokana na hayo nina maombi matatu. Kwa wanafunzi wangu: acheni kubishana kuhusu tisa na arobaini na tano, suala hilo limekwisha kama nilivyoonyesha. Kafanyeni utafiti mgumu zaidi. Chukueni kata moja ya Rukwa, orodhesheni kila kifo cha mzee kilichohusishwa na uchawi kwa miaka kumi, na mbele ya kila jina andikeni shamba lilikuwa la nani kabla na ni la nani sasa. Kwa wanaharakati: mnapotetea haki ya kujilinda, mtajeni yule mjane kwanza, kisha tuone ni hoja zipi zinabaki zimesimama. Dai mafuta ya gari la polisi kwa sauti ileile mnayodai katiba mpya; kwa mtu wa kijijini ni dai moja.

Kwa watumishi wa umma, na hasa ninyi wajumbe wa kamati za ulinzi na usalama za kata, ambako maombi ya silaha hupita kabla ya kupanda wilayani na mkoani, ombi langu ni hili. Fomu ya bastola ikiletwa mezani, desturi ni kumchunguza mwombaji: tabia yake, akili yake, historia yake. Endeleeni kufanya hivyo, ni kazi yenu. Lakini mtu mzima aliyetumikia taifa miaka thelathini na tano haamki siku moja akatamani chuma cha kulala nacho bila sababu. Yupo anayemtisha, kuna shamba linalogombewa, kuna kifo ambacho hakikuelezwa na mtu, kuna simu iliyopigwa usiku isipokelewe. Mambo hayo ni kazi yenu pia. Kabla ya kuisoma fomu ile kama ombi, isomeni kwanza kama malalamiko.